Njaa imerudi, chakula hakishuki: kisa cha paka mwenye maradhi ya figo

## Kuhusu kisa hiki

Mgonjwa ni paka dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka 13. Familia yake ni watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliohamia Marekani. Jina la mji, kliniki na watu wote vimeondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kuwatambulisha yamebadilishwa bila kugusa tiba.

Nakiandika kwa wanafunzi wa tiba ya wanyama, wasaidizi wa kliniki na yeyote anayefuga paka mzee. Grelini, homoni inayomfanya mnyama ahisi njaa, ndiyo hiyohiyo inayoshiriki kulisukuma tumbo na utumbo wake. Anayempa mnyama dawa ya kuiga homoni hiyo, kama kapromorelini ya kisa hiki, anagusa mambo mawili kwa mkupuo mmoja, na katika kisa hiki jambo la pili lilisahauliwa kabisa kwa siku nne.

## Usuli

Maradhi sugu ya figo yalikuwa yamegunduliwa kiasi cha mwaka mmoja kabla. Katika ujana wake paka alikuwa na kilo 5.1. Alipofikishwa kliniki alikuwa na kilo 3.6, uti wa mgongo unahesabika kwa vidole.

Nyumbani kazi ziligawanyika hivi: bibi ndiye aliyelisha, bintiye ndiye aliyelipia matibabu na kuzungumza na kliniki kwa simu, na mjukuu wa miaka 12 ndiye aliyesafisha sanduku la mchanga ambamo paka hujisaidia. Kila mmoja alikuwa na kipande cha habari, na hakuna aliyekuwa na habari nzima.

Paka alikula chakula cha kopo, na juu yake bibi alimwagia supu ya dagaa wakavu anaowanunua kwenye duka la vyakula vya Kiafrika. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo wana fosforasi nyingi, na figo mbovu hushindwa kuitoa fosforasi mwilini. Bibi alishaelezwa hilo. Jibu lake lilikuwa, "Nampa kidogo tu, mwanangu, asije akafa na hamu yake." Daktari hakubishana naye siku ile, na naona alifanya vyema. Paka asiyekula kabisa yuko katika hatari ya karibu zaidi kuliko paka anayekula dagaa: akikaa siku chache bila chakula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kulijaza, na hali hiyo inaweza kumuua kabla ya figo.

## Homoni yenyewe

Mwaka 1999 watafiti wa Kijapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wamepata homoni mpya katika tumbo la panya. Waliiita grelini. Kipokezi chake, yaani mahali kwenye seli inapojishikiza ili kutoa ujumbe, kilikuwa kimeshajulikana tangu 1996. Wanasayansi walikuwa na dawa za maabara zinazokiamsha na kuifanya tezi iliyo chini ya ubongo imwage homoni ya ukuaji, lakini hakuna aliyejua mwili wenyewe hukiamsha kwa kitu gani. Kumbe kitu hicho kilikuwa kikitengenezwa kwenye ukuta wa tumbo.

Grelini ya panya na ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 28, yaani vijenzi vya protini. Ile ya tatu hubandikwa kipande cha mafuta chenye atomi 8 za kaboni, kazi inayofanywa na kimeng'enya kilichotambuliwa mwaka 2008. Bila kipande hicho kipokezi hakiitiki. Homoni ikishaingia kwenye damu, kipande hicho hubanduliwa upesi, na ndiyo maana grelini nyingi inayozunguka mwilini ni ile tupu, isiyo na mafuta, isiyoamsha njaa.

Hapo figo zinaingia. Figo husaidia kuiondoa grelini mwilini. Kwa binadamu ambao figo zao zimefeli, ukipima grelini yote kwa jumla utaikuta juu, ila sehemu kubwa ni ile tupu. Mgonjwa anaweza kuwa na homoni ya njaa tele kwenye damu na bado akaketi mbele ya sahani asitake hata kuonja. Ongeza juu yake sumu ambazo figo zimeshindwa kuzitoa, zinazochokoza sehemu ya ubongo inayoleta kichefuchefu, na utaelewa kwa nini kukosa hamu ya kula ni malalamiko ya kila siku katika maradhi haya.

Kwa kawaida grelini hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Ujumbe wake hufika ubongoni kwa njia ya damu na pia kupitia neva ya vagasi, ule mshipa mrefu wa fahamu unaounganisha tumbo na shina la ubongo. Ndani ya haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa, huziamsha seli zinazomsukuma mnyama atafute chakula. Mwaka 2000 na 2001 majaribio kwa panya yalionyesha kwamba wakidungwa grelini hula zaidi na kunenepa.

Kazi ya pili, ya kusukuma, haipati umaarufu huo. Grelini ni ndugu wa homoni nyingine ya tumbo iitwayo motilini, iliyojulikana tangu miaka ya 1970 mwanzoni kutokana na utafiti kwa mbwa. Motilini ndiyo inayoanzisha yale mawimbi makali yanayopita tumboni na utumboni wakati wa njaa, kwa mbwa na kwa binadamu kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, yakisukuma mabaki ya mlo uliopita. Mngurumo wa tumbo tupu unatokana na mikazo ya namna hiyo. Panya wa maabara wamepoteza motilini katika historia ya ukoo wao, na kwao grelini imebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo: huharakisha chakula kutoka tumboni na huweza kuanzisha mawimbi ya njaa. Basi anayesoma majaribio ya panya na kuyahamishia moja kwa moja kwa mbwa au paka anaruka mtaro bila kuutazama. Paka naye ana lake: utumbo wake mwembamba hauna mawimbi hayo kwa umbo lilelile la mbwa, bali una mkazo wake mmoja wenye nguvu unaosafiri kuelekea chini.

Kuna jambo la tatu lililochunguzwa sana Australia, katika Chuo Kikuu cha Melbourne. Kipokezi cha grelini kipo pia kwenye sehemu ya chini ya uti wa mgongo, kwenye seli zinazoamuru haja kubwa. Dawa zinazoiga grelini na zenye uwezo wa kupenya hadi humo huweza kumfanya panya aende choo. Kapromorelini, dawa ya kisa hiki, ni mojawapo.

Kapromorelini ilianza kutafitiwa kwa wazee wa kibinadamu waliodhoofu. Ilikubaliwa Marekani kwa mbwa wasiokula mwaka 2016, kwa kipimo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka 2020 ilikubaliwa kwa paka wenye maradhi sugu ya figo wanaopungua uzito, kwa miligramu 2 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, kwa mdomo. Kwa paka ina tahadhari moja nzito: ndani ya saa chache za mwanzo baada ya dozi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vinaweza kushuka kwa muda. Tahadhari hiyo inamhusu hasa mwenye maradhi ya moyo au aliyepungukiwa sana na maji. Sukari ya damu nayo huweza kupanda, kwa hiyo kwa mwenye kisukari huwa ni ya kuogopwa.

## Mambo yalivyofuatana

Binti alipiga simu kliniki akaeleza kwamba paka anakonda na kula kwake kumekuwa kwa kudonoa. Kliniki ilikuwa na vipimo vya damu vya miezi mitano nyuma. Kwa kuwa dawa imekubaliwa kwa ugonjwa huohuo, iliandikwa siku ileile na binti akaenda kuichukua. Kwa uzito wake ilikuwa mililita 0.36, inayopigwa mdomoni kwa bomba dogo lisilo na sindano.

Siku ya kwanza paka alikwenda jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa wiki nzima. Alilia, akazunguka miguuni mwa bibi. Alipowekewa sahani alinusa, akalamba mchuzi mara mbili, akajilamba midomo kwa muda mrefu, akaondoka. Jioni alikutwa chini ya kitanda, amelegea, hataki kuitikia.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na akatapika povu. Bibi alifasiri kwamba paka anadeka. Alibadilisha chakula asubuhi, mchana na usiku: kuku, jodari, kopo la aina nyingine. Siku ya tatu, kwa shauri la jirani, walimsukumia mdomoni chakula maalumu cha wagonjwa wa figo kwa bomba. Paka alipambana, akatoa mate mengi, akatapika tena. Siku ya nne binti alimleta kliniki, na daktari mwingine ndiye aliyempokea.

"Mwanangu," bibi alisema, "huyu analia njaa, akipewa anasusa. Dawa yenu imempa njaa ya macho."

"Mama, mara ya mwisho amekwenda choo kikubwa lini?"

Bibi alimtazama bintiye, binti naye akamtazama mwanawe. Mtoto akasema mchanga una mabonge ya mkojo mengi sana, lakini kinyesi hajakiona tangu kabla ya dawa kuanza. Alidhani mtu mwingine anakiondoa.

Uchunguzi ulieleza mengine. Ngozi ikivutwa ilichelewa kurudi. Daktari alikadiria upungufu wa maji kuwa asilimia 8. Tumbo lilipopapaswa, utumbo mpana ulikuwa umejaa kinyesi kigumu, bonge baada ya bonge. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikishindwa kazi, ilikuwa miligramu 3.4 kwa desilita, ambayo ni daraja la tatu kati ya madaraja manne ya maradhi ya figo kwa paka, na bila shaka ukavu wa mwili ulikuwa umeipandisha kidogo. Potasiamu ilikuwa 3.0 milimoli kwa lita, yaani chini. Sukari ilikuwa sawa, ini lilikuwa bado sawa, na kinywani hakukuwa na jino bovu wala kidonda.

Potasiamu ndiyo iliyounganisha habari zote. Paka wa figo hukojoa sana, na potasiamu huondoka na mkojo. Misuli ya utumbo inahitaji potasiamu ili ikaze na kulegea. Ikipungua, utumbo hulala. Maji nayo yakipungua, utumbo mpana hufyonza kila tone lililomo kwenye kinyesi mpaka kiwe kama jiwe. Tumbo lililo juu ya utumbo wa namna hiyo halimwagi chakula kwa wakati, na chakula kinachokaa huleta kichefuchefu. Kisha juu ya yote hayo ikaja dawa inayoamrisha njaa na kulisukuma tumbo. Ni sawa na utingo anayeita abiria na kuwasukuma ndani ya daladala huku barabara mbele imefungwa.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha kapromorelini. Binti hakuupenda, kwa sababu ndiyo dawa pekee aliyoiona ikifanya kitu: paka aliyekuwa amelala alisimama na kwenda jikoni. Daktari alimweleza kwamba dawa haikuwa mbaya, ila imekuja kabla ya zamu yake, na kwamba kumpa paka mkavu dawa inayoweza kuteremsha shinikizo la damu ni kujitafutia balaa. Ule ulegevu wa chini ya kitanda, saa chache baada ya dozi, ulilingana na hilo.

Wa pili ulihusu maji na potasiamu. Paka alilazwa, akatundikiwa dripu yenye potasiamu ya kuongezwa, kwa mwendo wa taratibu usiovuka nusu milimoli kwa kilo kwa saa, kwa kuwa potasiamu ikikimbizwa kwenye mshipa inasimamisha moyo. Dripu haikufunguliwa kwa kasi pia kwa sababu figo hizi haziwezi kutoa maji ya ziada.

Wa tatu ulikuwa kutuliza kichefuchefu kwa maropitanti kabla ya kumwonyesha chakula chochote. Sahani zote ziliondolewa mbele yake kwa saa kadhaa. Bibi aliona ni ukatili. Lakini paka ana kumbukumbu kali ya chakula alichokila akiwa na kichefuchefu. Atakichukia hata atakapopona. Kile chakula cha figo alichosukumiwa mdomoni kilikuwa kimeshaharibikiwa kwa njia hiyo.

Wa nne ulihusu kinyesi. Hapa binti alitoa mkobani kichupa cha kusafishia tumbo kwa njia ya nyuma alichokinunua kwenye duka la dawa za watu, chenye chumvi za fosfeti. Daktari aliomba kitupwe palepale. Fosfeti hiyo hufyonzwa haraka na mwili wa paka, huvuruga kalisiamu na chumvi nyingine za damu, na huua paka hata mwenye figo nzima. Kilichotumika ni maji ya uvuguvugu kidogokidogo baada ya mwili kupata maji, kisha laktulosi kwa mdomo kulainisha kilichobaki. Sehemu kubwa ilitoka usiku ule, iliyosalia ikatoka kesho yake asubuhi.

Uamuzi wa tano ndio ninaousifu zaidi, kwa sababu uliwekwa mapema, kabla hofu haijapanda. Mahitaji ya nishati ya paka aliyepumzika hukadiriwa kwa kuzidisha 70 kwa uzito uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.75. Kwa kilo 3.6 inakuja kama kilokalori 183 kwa siku. Daktari aliandika kwenye faili kwamba iwapo ndani ya saa 48 baada ya utumbo kufunguka paka hatafikia angalau nusu ya hizo kwa hiari yake, atawekewa mrija wa kulishia shingoni, unaoingia kwenye umio. Familia ikakubali kabla ya kuondoka. Mrija huo unatisha kwa jina, ila paka huuvumilia vizuri, na dawa zote hupitia humo bila vita.

Palikuwa na mjadala mfupi kuhusu mitazapini, dawa nyingine ya hamu ya kula inayopakwa ndani ya sikio na iliyokubaliwa Marekani kwa paka mwaka 2018. Ingeweza kufaa. Iliachwa kwa sababu figo mbovu huichelewesha kutoka mwilini, na kwa sababu daktari alitaka kwa mgonjwa huyu msukumo wa tumbo ambao dawa ya upande wa grelini huwa nao. Mwingine angeamua kinyume na nisingemlaumu.

## Matokeo

Baada ya paka kurudisha maji, potasiamu kufika 3.8 na utumbo kufunguka, kapromorelini ilirudishwa kwa kipimo kilekile, safari hii ndani ya kliniki. Shinikizo la damu kabla ya dozi lilikuwa 148. Saa moja baadaye lilikuwa 118 na mapigo ya moyo yalikuwa yamepungua. Baada ya saa tatu lilikuwa limepanda tena hadi 136. Mshuko huohuo kwa paka mkavu ungeanzia chini zaidi na kuishia chini zaidi.

Alikula kilokalori 60 siku ya kwanza na 110 siku iliyofuata, kwa hiyo mrija haukuwekwa. Alikula kuku wa kuchemsha asiye na chumvi na chakula cha kopo cha kawaida. Hakupewa chakula cha figo hata kidogo.

Alirudi nyumbani na kapromorelini kila siku saa ileile, laktulosi, potasiamu ya unga kwenye chakula, na maji ya kudungwa chini ya ngozi ambayo binti alifundishwa kuyatia. Mjukuu alipewa daftari la mambo mawili: choo kimepatikana au hakikupatikana, na uzito wa sahani kabla na baada ya mlo. Mtoto alilijaza kwa uaminifu kuliko mtu mzima yeyote niliyewahi kumwona akijaza fomu ya kliniki.

Baada ya kama miezi miwili uzito ulikuwa kilo 4.05. Gramu mia tatu za kwanza zilikuwa karibu zote maji yaliyorudi, na daktari alikuwa mwangalifu kutozihesabu kama unene. Kreatinini ilishuka hadi 2.9, potasiamu ikawa 4.1, choo kikawa kila siku moja au mbili. Nyama ya mgongoni ilirudi kidogo tu. Chakula cha figo kiliingizwa wiki kadhaa baadaye, cha kampuni nyingine na chenye harufu nyingine, kijiko kwa kijiko. Kile cha mwanzo hakukigusa tena.

Dagaa walibaki kwa namna ya maelewano: supu nyembamba, bila chumvi, bila dagaa wenyewe, kijiko kimoja juu ya chakula. Mtaalamu wa lishe anaweza kukunja uso.

## Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa kuchukulia kilio cha njaa kuwa ndicho kipimo cha mafanikio. Dawa ilifanya kazi yake tangu dozi ya kwanza, na ukisoma vizuri tabia ya paka utaona mambo mawili yakishindana: alikwenda jikoni kwa sababu ubongo ulimwambia ana njaa, akaondoka kwenye sahani kwa sababu tumbo lilikataa. Kujilamba midomo bila kula, mate mengi, kunusa kisha kugeuza kichwa, kujikunyata mbele ya bakuli la maji: hizo ni dalili za kichefuchefu, na zilikuwapo zote. Paka asiye na hamu kabisa hatoki alipolala. Mwenye maumivu ya kinywa hudaka tonge kisha huliachia au hutafuna upande mmoja. Hawa watatu, wa kichefuchefu, wa kukosa hamu na wa kinywa, wote huripotiwa kwa simu kwa sentensi moja: "hali chakula." Kwa wa kwanza dawa ya njaa peke yake ni adhabu, kwa wa pili ni msaada, na kwa wa tatu haina maana mpaka jino ling'olewe.

Simu yenyewe haikuwa na hatia. Lililokosekana ni maswali, na la choo ndilo lingebadilisha kila kitu. Tena lilipaswa kuulizwa kwa anayesafisha sanduku. Katika nyumba nyingi za kwetu, mwenye kuzungumza na daktari ni mwenye kulipa, naye mara nyingi ndiye anayemwona mnyama kwa uchache zaidi. Vipimo vya miezi mitano nyuma navyo kwa figo za paka mzee ni vya zamani mno. Potasiamu inaweza kuporomoka ndani ya wiki.

Kuna wanaosema, kwa kuwa dawa hii huamsha pia mwendo wa utumbo, basi ingefungua choo yenyewe kama ingepewa muda. Hoja hiyo ina akili lakini haisimami mbele ya mgonjwa huyu. Amri ya kukaza inayotoka kwenye uti wa mgongo au neva ya vagasi hutekelezwa na misuli, na misuli isiyo na potasiamu haina cha kutekelezea. Tena kinyesi kikishakuwa kigumu kiasi kile, kukikazia utumbo ni kuleta maumivu. Mahali ambapo kazi ya pili ya dawa ilisaidia, kwa maoni yangu, ni baadaye: choo kiliendelea kupatikana kwa utaratibu hata baada ya laktulosi kupunguzwa. Siwezi kuipa dawa sifa yote, kwa kuwa maji ya chini ya ngozi yalikuwa yakiendelea.

Kulisha kwa nguvu kulidhuru zaidi ya familia ilivyofikiri, kwani kuliondoa chakula chenye manufaa zaidi kwenye orodha ya vinavyokubalika. Kubadilisha chakula mara tatu kwa siku nako kulificha ukweli, maana kila kopo jipya lililambwa kidogo na kila kulamba kulihesabiwa kuwa maendeleo. Sahani ilipoanza kupimwa kwa mizani, mjadala wa "amekula" na "hakula" ukaisha.

## Kwa wenye wanyama wengine

Kisa hiki kikisimuliwa, wafugaji huuliza kama dawa ya namna hii ingefaa kwa mbuzi au kuku waliosusa. Kwa kondoo na ng'ombe grelini hutengenezwa kwenye tumbo la nne, lile linalofanana na letu, na kwa kondoo waliozoea kulishwa kwa saa maalumu hupanda kabla ya saa hiyo. Lakini mbuzi anayeacha kula mara nyingi ana tumbo kubwa lililosimama, lenye gesi au tindikali kupita kiasi, na huko ndiko pa kuanzia.

Kuku ni habari nyingine kabisa. Grelini yake ina asidi amino 26, hutengenezwa zaidi kwenye tumbo la mbele lililo kabla ya firigisi, na huifanya misuli ya njia yake ya chakula ikaze, kama ilivyo kwa wanyonyeshao. Ila ilipodungwa ubongoni mwa vifaranga, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2001, vifaranga walipunguza kula. Homoni inayompeleka paka jikoni humwondoa kifaranga kwenye chano.